Hijabu Isiishie Mlangoni mwa Madrasa



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, sisi walimu tunaona jambo moja karibu kila siku baada ya Alasiri. Binti anashuka kwenye daladala akiwa kichwa wazi. Anafungua mkoba, anatoa ushungi, anauvaa haraka haraka, kisha anaingia darasani. Ikifika jioni anatoka, anavuka barabara, na kabla gari halijasimama ushungi umekwisha rudi mkobani. Wapo wanaocheka. Sisi hatucheki, kwa sababu tumejiuliza ni nani aliyemfundisha kwamba hijabu ni ya kumvalia ustadh, na jibu limeturudia wenyewe.

Miaka michache iliyopita tulimrudisha nyumbani binti wa miaka kumi na mbili mbele ya wenzake, kwa kuwa alikuja na mtandio mwepesi uliokuwa ukionyesha nywele. Tulidhani tunailinda dini. Hakuja siku ya pili, wala wiki ya pili. Tulipokwenda kwao, mama yake alitupokea kwa adabu, akatuambia: "Ustadh, mtandio ule ulikuwa wangu. Wake niliufua, ukawa haujakauka. Mtoto alikuwa amefika Suratul Mulk, na sasa hata mas-hafu hataki kuushika." Tuliomba radhi, na alhamdulillahi baada ya miezi miwili alirudi. Lakini miezi ile miwili hatujaisahau.

HUKUMU IKO WAZI

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kuwa hijabu ni mila ya Waarabu au fasheni, anayetaka avae na asiyetaka basi. Amri yake imo katika Suratun Nuur aya ya 31 na Suratul Ahzaab aya ya 59. Wanazuoni wa madh-hebu manne wamekubaliana kuwa mwanamke aliyebaleghe anapaswa kufunika nywele zake mbele ya wasio maharimu wake. Walichohitilafiana ni kuhusu uso. Na tuwakumbushe wavulana pia: aya ya 30, inayotangulia ile ya wanawake, inawaamrisha wanaume kuinamisha macho yao na kujihifadhi. Anayemhesabia dada yake nywele zilizochungulia huku yeye macho yake yanatembea barabara nzima, aanze na aya yake kwanza.

Basi suala letu ni hili: je, amri ya Allah inaingiaje moyoni mwa mtoto?

Hadithi ya kwanza katika Sahihi Bukhari, aliyoipokea Sayyidna Umar (R.A.), inatufundisha kuwa amali zinahesabiwa kwa nia. Nguo tunaweza kumvika mtoto kwa mikono yetu. Nia hatuwezi kumvika, na nia ndiyo inayoifanya nguo kuwa ibada. Bibi Aisha (R.A.) naye alieleza kuwa mwanzo wa Qur'ani zilishuka sura za kutaja Pepo na Moto, na watu walipokwisha tulia katika Uislamu ndipo yakashuka ya halali na haramu. Lau katazo la pombe lingetangulia, watu wangekataa. Amri ya hijabu nayo ilishuka Madina, baada ya miaka mingi ya kujenga imani. Ndiyo maana wanawake wale walipoisikia walikata vitambaa vyao wenyewe wakajifunika. Hakupita mtu mlango kwa mlango na bakora.

WALIOVUA NA WALIOVIKA

Dunia imejaribu njia ya nguvu kwa pande zote mbili. Mwaka 1936 mtawala wa Iran, Reza Shah, alipiga marufuku hijabu, na askari wakawavua wanawake njiani. Wapo waliojifungia ndani kuliko kutoka vichwa wazi. Baada ya mapinduzi ya 1979 serikali mpya ikageuza amri: hijabu ikawa lazima kisheria. Septemba 2022 binti wa miaka 22, Mahsa Amini, alifariki baada ya kukamatwa na polisi wa maadili mjini Tehran kwa madai kuwa hakujistiri inavyotakiwa. Maandamano yakaenea nchini, na wanawake wakachoma mitandio hadharani. Hao ni watoto waliozaliwa na kusomeshwa ndani ya sheria hiyo. Muislamu akiona ushungi unachomwa anaumia. Lakini aulize pia ni nani aliyeufanya ushungi ufanane na pingu.

Wanaovua nao hawajafaulu. Uturuki mwaka 1999 Merve Kavakçı, mbunge aliyechaguliwa na wananchi, alizuiwa kula kiapo kwa sababu ya kilemba chake. Leo hii Uturuki wanawake wenye hijabu wanasoma vyuo vikuu na wanakaa bungeni. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2004 inayowakataza wasichana kuvaa hijabu katika shule za serikali. Sisi tunailaani dhulma hiyo, na hoja yetu ni kwamba binti ana haki ya kumtii Mola wake bila kulazimishwa na serikali. Hoja hiyo ni ya haki. Basi tusiitumie Paris tu tukaiacha nyumbani.

BIBI ZETU WALICHAGUA

Hapa kwetu pwani kuna historia ambayo vijana wengi hawaijui. Zama za utumwa Zanzibar, kujifunika kichwa ilikuwa alama ya waungwana. Mtumwa, mwanamume kwa mwanamke, hakuruhusiwa. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wengi katika wanawake walioachwa huru walijitanda kanga, na baadaye wakavaa buibui. Walijistiri kwa hiari, na kwao stara hiyo ilikuwa tangazo kwamba sasa wao ni waungwana, hawana bwana isipokuwa Allah. Binti anayeona buibui ni kifungo, na asimuliwe habari hii.

TUFANYE NINI?

Wapo wazazi watakaosema: "Ustadh, mkilegeza kamba watoto watapotea. Mbona Sala mtoto huadhibiwa akifika miaka kumi?" Swali zuri. Lakini hadithi hiyo inaanza na miaka saba. Ipo miaka mitatu ya kuamrisha na kufundisha kabla ya adhabu kutajwa, na sisi wengi tunairuka yote mitatu.

Kwanza, mabinti wadogo wazoeshwe kwa upole. Kabla ya kubaleghe ni mazoezi tu, si faradhi. Mama amvishe mwanawe huku akimweleza, na yeye mwenyewe awe mfano.

Pili, sisi walimu tusimrudishe mtoto nyumbani kwa ajili ya mtandio. Tumeweka mitandio safi kabatini, asiye nao ataazimwa bila kuulizwa mbele za watu. Darasa analolikosa lina thamani kuliko aibu tunayompa.

Tatu, mabinti wakubwa waruhusiwe kuuliza. Anayesema "mbona mimi sioni sababu?" hajakufuru, anatafuta. Akinyamazishwa atatafuta kwingine.

Nanyi mabinti zetu, mnaosema "ni uamuzi wangu", tunakubaliana nanyi kwa nusu. Uamuzi ni wenu kweli, na kwa hiyo jawabu litakuwa lenu Siku ya Kiyama. Hamtaweza kusema baba alinilazimisha, wala rafiki alinicheka. Katika shule za serikali hapa Tanzania mnaruhusiwa kuvaa hijabu, neema ambayo wenzenu wengi duniani hawana. Usiivae kwa ajili yetu. Siku utakayovuka ile barabara, ukapanda daladala, na ushungi ukabaki kichwani ilhali hakuna ustadh anayekuona, siku hiyo utakuwa umehitimu somo ambalo sisi hatuna cheti chake.

Tunamuomba Allah atupe hekima katika kulea, awape mabinti zetu haya inayotoka moyoni, na wavulana wetu macho yenye adabu. Amin.

Wabillahi tawfiq.