Msimcheke Bibi Anayeomba Alehemiwe

Kwaya yetu hapa Tabora ina bibi ambaye, tangu utoto wetu, haombi Bwana amrehemu. Anaomba amlehemu. Lugha yake ya kwanza ni Kinyamwezi, na r kwake hugeuka l. Zamani watoto walicheka kidogo, yakaisha. Sasa limetolewa pendekezo kwamba wazee wanaokosea maneno wasipewe kipaza sauti, maana ibada inarekodiwa. Sisi tunalipinga waziwazi.

Kabla ya kumsahihisha, tumsikilize. Kulehemu ni kazi ya fundi bati: huyeyusha lehemu, huziba tundu la ndoo, nayo ndoo hushika maji tena. Bibi huyu amemzika mume na watoto wawili, na bado anakuja mazoezini kwa miguu. Nani kati yetu athubutu kumwambia kwamba ameomba vibaya?

Wanaodai usafi wa nyimbo wamesahau zilikotoka. Mji wetu ulikuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi alitembea miezi na pembe ya ndovu begani, na wimbo ulimsaidia kusogeza mguu: kirangozi anatoa, msafara unaitikia. Waliimba njaa, mzigo na nyumbani. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa waliofungwa minyororo, na kilio chao hakikuhitaji lafudhi safi ili kifike mbinguni. Leo mwimbishaji wetu anatoa, kwaya inaitikia. Tunaona aibu gani kukiri kwamba vumbi la njia ile limo ndani ya sauti zetu?

Na tusidhani nyimbo za Ulaya zilishuka zikiwa zimevaa kanzu. Sauti moja mashuhuri ya Ijumaa Kuu, ile inayoimbia kichwa cha Bwana kilichojeruhiwa, ilianza kama wimbo wa mapenzi wa Hans Leo Hassler, uliochapwa mwaka 1601. Hata Zaburi ya 22 ina kichwa kinachotaja kulungu wa alfajiri, na wafafanuzi wengi hukiona kuwa jina la sauti iliyojulikana na watu.

Tutaambiwa kwamba maneno yana maana, na mafundisho yanaharibika yakikosewa. Ni kweli. Basi tufundishe: tusome beti polepole mazoezini, tununue vitabu vya maandishi makubwa, kijana akae karibu na mzee. Kufundisha ni jambo moja, kumnyamazisha mtu ni jingine.

Biblia inajua mahali ambapo matamshi yaligeuzwa kipimo. Katika Waamuzi 12, kwenye vivuko vya Yordani, aliyeshindwa kusema Shibolethi aliuawa. Walianguka Waefraimu 42,000, nao walikuwa ndugu. Je, tunataka kivuko cha namna hiyo mlangoni pa kanisa?

Petro naye alitambuliwa uani kwa kuhani mkuu kwa sababu ya usemi wake wa Kigalilaya. Siku ya Pentekoste, ni yeye aliyesimama kuhubiri. Roho hakungoja kwanza lafudhi yake inyooke.

Kwa hiyo, wapendwa, Jumapili ijayo bibi apewe kipaza sauti. Akiomba alehemiwe, tuitikie amina. Sisi sote tuna matundu.