Je, Mtoto Anacheza au Anachezewa?



Katika somo la unyambulishaji tulikitazama kitenzi kidogo "cheza" tukaona jinsi kinavyozaa vingine: kucheza, kuchezea, kuchezewa. Anayecheza ni mtendaji, tena mwenye furaha. Anayechezewa amegeuzwa kuwa kitu mikononi mwa mwingine. Leo nakuomba utoke na tofauti hiyo darasani, uende nayo nyumbani. Hapa Rubavu, katika nyumba nyingi, mtoto huiomba simu ya mzazi mara tu giza linapoingia, naye mzazi aliyechoka na kazi za mchana humpa bila kuuliza neno. Ninaamini kwamba kuna maswali matatu yanayostahili kuulizwa kabla simu haijabadili mikono.

Swali la kwanza ni la bei. Niliwahi kumruhusu mwanangu apakue mchezo wa mbio za magari uliotangazwa kuwa wa bure. Siku ya kwanza ilikuwa furaha tupu. Siku ya pili kila mbio zilipokwisha lilitokea tangazo, na mengine yalikuwa ya kamari. Magari mazuri yalikuwa yamefungwa, na kuyafungua kulihitaji sarafu ambazo hununuliwa kwa pesa halisi. Bando tulilokusudia litufae juma zima likaisha kabla juma halijafika nusu. Hapo nikakumbuka wahenga waliosema: rahisi ghali.

Mchezo wa namna hii haukuwa bure hata kidogo. Walioutengeneza hupata pato kwa matangazo, kwa kuuza vitu vidogo vidogo ndani ya mchezo, na mara nyingi kwa kukusanya taarifa za mchezaji. Kuhusu taarifa hizo, fahamu kwamba sheria ya Rwanda ya mwaka 2021 ya ulinzi wa data binafsi inataka idhini ya mzazi au mlezi pale taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 16 zinapotumiwa. Kwa hiyo kile kitufe kilichoandikwa "Nakubali" si cha mtoto. Ni cha mzazi, na kukibonyeza ni tendo la kiraia kama kutia sahihi kwenye mkataba. Vivyo hivyo, namba ya siri ya pesa za simu isijulikane na mtoto, hata awe mwaminifu kiasi gani.

Je, basi hakuna mchezo wa bei nafuu kwa kweli? Upo. Kuna michezo iliyotengenezwa kama programu huria, isiyouza kitu wala kuonyesha matangazo. SuperTuxKart ni mbio za magari madogo yanayoendeshwa na wanyama wa kuchekesha. GCompris ni mkusanyiko wa michezo zaidi ya mia moja ya hesabu, herufi na mantiki, uliokusudiwa watoto wa miaka 2 hadi 10. Yote miwili hupakuliwa mara moja tu, kisha huchezwa bila intaneti, hata kwenye kompyuta iliyotumika ambayo wengine wameiona imezeeka.

Swali la pili: tunacheza wangapi? Mfikirie babu anayecheza igisoro. Ubao una mashimo 32 na kete 64, sawa na bao la Waswahili wa pwani, na ubao mmoja hutumiwa na vizazi na vizazi bila kudai bando. Lakini thamani yake kubwa ni kwamba hauchezwi na mtu mmoja. Mjukuu hujifunza kungoja zamu, kuhesabu kabla ya kutenda, kushindwa bila kununa na kushinda bila kudharau. Hizo ndizo tabia tunazozitaka kwa raia. Mchezo wa video unaweza kufanya kazi hiyohiyo. SuperTuxKart, kwa mfano, huigawa skrini ya kompyuta ili watu kadhaa washindane wakiwa wameketi pamoja. Dada na kaka wakicheza hivyo, huku mama akiulizwa ni zamu ya nani, nyumba inapata mazungumzo. Kila mmoja akijifungia na simu yake, nyumba inapata kimya.

Swali la tatu ni zito zaidi, nalo ni hili: mchezo unamfundisha mtoto kufurahia nini? Sisi hatuishi mbali na vita. Mnamo Januari 2025 mapigano ya Goma yalivuka mpaka, makombora yakaanguka huku kwetu na watu wakafa. Kuna watoto ambao hadi leo hushtuka mlango unapopigwa kwa nguvu. Je, mtoto huyo tumpe mchezo ambao alama huhesabiwa kwa idadi ya waliouawa? Sisemi kwamba kila anayecheza mchezo wa vita atakuwa mkatili. Nasema tu kwamba mlezi ana wajibu wa kuchagua. Michezo mingi huwa na alama ya umri. Ile ya Ulaya, iitwayo PEGI, hutumia namba 3, 7, 12, 16 na 18. Namba 18 ikikutana na mtoto wa miaka 9, jibu linajulikana.

Tena, si lazima vita viigwe kwa namna moja. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza fedha kwa miaka mitatu akamnunulia kompyuta ya dola 300, naye akawa anatembea muda wa saa tatu kwenda kuichaji. Kwa kompyuta hiyo alijifunza kutengeneza michezo, akabuni Salaam, yaani Amani. Ndani yake mchezaji ni mkimbizi anayetafuta maji, chakula na usalama. Yeye aliyeyajua mateso ya bunduki alichagua mchezaji wake awe mtu anayeokoa uhai.

Wapo wazazi watakaosema dawa ni kupiga marufuku yote. Nawaheshimu, lakini siafikiani nao. Mtoto aliyekatazwa nyumbani hukifuata kibanda cha michezo mtaani, akacheza na asiowajua, bila wa kumwongoza. Heri tucheze naye sebuleni, kwa muda tuliokubaliana.

Basi, mwanafunzi wangu, jioni hii keti na mdogo wako. Mwombe akuonyeshe mchezo anaoupenda, ucheze naye mzunguko mmoja, tena kwa Kiswahili: "zamu yako", "nimeshindwa", "tuanze upya". Kisha yaulize yale maswali matatu: tunalipa nini, tunacheza wangapi, tunafurahia nini. Majibu yake yatakuonyesha kama mdogo wako anacheza, au anachezewa.