Kipimo cha Dawa Kisiwe Fumbo

Mzee wa Mji wa Kale, Mombasa, anayeugua kisukari, akiambiwa ajidunge "vipimo kumi" vya insulini kila asubuhi, aelewe nini? Katika Kiswahili, kipimo ni kifaa cha kupimia, ni kiasi kilichopimwa, tena ni uchunguzi wa maabara. Je, kumi hivyo ni yuniti au ni mistari ya bomba la sindano?

Tofauti hiyo si ndogo. Insulini, iliyoanza kutumiwa kutibu binadamu mjini Toronto mwaka 1922, hupimwa kwa yuniti. Ile iliyoenea zaidi, U-100, ina yuniti 100 katika kila mililita. Katika mabomba mengi ya mililita 1 yaliyoundwa kwa dawa hiyo, nafasi kati ya mstari na mstari ni yuniti 2. Katika yale ya nusu mililita, ni yuniti 1. Basi anayehesabu mistari kumi huenda akajidunga yuniti 20. Dozi ikizidi, sukari hushuka mno. Mgonjwa aweza kuzirai, hata kufa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi. Hadhi hiyo haina maana iwapo lugha itamwacha mgonjwa gizani. Rai yangu ni hii: "dozi" iwe kiasi cha kudungwa, "yuniti" iwe kizio chake, na "mstari" ubaki alama tu. Walimu wayafundishe maneno haya. Wanafunzi nao wakawasomee wazee wao nyumbani.