Jiwe Halifichi Sumu

Msomaji, zitazame kuta za Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, na nyumba kongwe za Mji wa Kale. Zimejengwa kwa jiwe la matumbawe, na Kisiwa cha Mombasa chenyewe ni matumbawe. Jiwe hili lina vitundu: maji ya mvua hupenya ndani yake, yakafika visimani na baharini.

Mwaka 2024 watu wa Uyombo, Kilifi, walipinga mpango wa kujenga kinu cha nuklia kwao. Wako wadhanio kuwa kuuliza ni kuchukia maendeleo. Nasema kuuliza ni wajibu. Kinu huzaa taka, na aina moja ya plutoni iliyomo huhitaji miaka 24,000 hivi ipungue nusu tu. Wafini walichunguza mwamba wao mgumu miaka mingi, ndipo wakachimba Onkalo, zaidi ya mita 400 chini ya ardhi. Je, sisi tuwashe moto kabla ya kujua majivu yatazikwa wapi? Hasha! Mchunguzi wa miamba na atangulie, mjenzi afuate. Jiwe letu halitunzi hata maji ya mvua, litatunzaje sumu?