GESI INAFIKA DAR, MGONJWA ANASUBIRI RUFAA!

Kijana uliyeko Mbagala, Tandika au Manzese, jiulize. Mzee wako kule Nangurukuru akipinda mdomo leo asubuhi, kauli ikapotea, mkono ukashindwa kushika kikombe, kisha baada ya robo saa akawa mzima, nyumbani watafanya nini? Watasema upepo mbaya umepita. Atakunywa uji, ataingia shamba.

Tusidanganyane. Huo si upepo, ni onyo la kiharusi. Damu iendayo kwenye ubongo hupita katika mishipa minne ya shingoni, miwili mikubwa ikiwa mbele. Presha, kisukari na sigara huharibu mishipa hiyo, mafuta yakaganda ndani na njia ikabana. Kipande kikimeguka na kupanda kichwani, mtu anapooza. Siku chache baada ya onyo ndizo za hatari kuliko zote.

Hapo ndipo kipimo cha MRI kinapohitajika. Mashine hiyo hutumia sumaku kali, si eksirei. Humwonyesha daktari mshipa umebana kiasi gani, na hata kama mgando wenyewe umevuja damu ndani, jambo linaloongeza hatari. Tangu mwaka 1991, majaribio ya Ulaya na Amerika Kaskazini yameonyesha kwamba aliyekwisha kupata onyo, na mshipa wake umebana kwa asilimia 70 au zaidi bila kuziba, upasuaji humpunguzia hatari ya kiharusi. Faida ni kubwa zaidi ukifanywa ndani ya wiki mbili.

Wiki mbili! Kigogo akiumwa hupanda ndege kwenda India. Mlalahoi wa Nangurukuru huanza zahanati, akaenda Kivinje, akasubiri barua ya rufaa, huku ndugu wakichangishana nauli. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikipita Somanga Funga hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2004, haidaiwi barua wala nauli. Je, bomba lina thamani kuliko mtu?

Hatusemi kila wilaya inunuliwe MRI. Tunasema altrasaundi ya mishipa ya shingo, ambayo ni mashine ndogo, iwepo karibu pamoja na mtaalamu wake. Atakayekutwa mshipa umebana apewe gari siku hiyohiyo. Na bima ya afya kwa wote, iliyotungiwa sheria mwaka 2023, ilipie picha hiyo.

Nawe kijana wa mjini usijidanganye kwamba haya ni ya wazee wa shamba. Utafiti wa mwaka 2003 hadi 2006, ukishalinganisha umri, ulikuta kiharusi kwa watu 316 katika kila 100,000 kwa mwaka hapa Dar es Salaam, na 109 tu katika wilaya ya Hai.

Kwa hiyo pima presha, tupa sigara, mpigie mzee simu. Kisha mbunge akija kuomba kura, muulize swali moja: kutoka Nangurukuru hadi kwenye mashine ni siku ngapi?