Bustani ya Dawa Haipimwi kwa Wingi wa Majani

Bustani ya mboga husifiwa inapokuwa na majani mapana, mabichi na mengi. Kwa mchicha na kabichi kipimo hicho ni sahihi, kwa kuwa jani lenyewe ndilo mavuno. Aghalabu, hata hivyo, kipimo hicho hicho huhamishiwa katika bustani ya mimea ya dawa na ya manukato, na hapo ndipo kosa linapoanza. Katika mimea hiyo mavuno si jani, bali ni kemikali chache zilizomo ndani ya jani. Nazo haziongezeki kwa sababu tu majani yameongezeka. Jambo hili hudhihirika vizuri katika vilima vinavyoizunguka Bahari ya Mediterania.

Huko mvua hunyesha majira ya baridi, na majira ya joto huwa makavu, yenye jua kali. Miteremko mingi ni ya mawe ya chokaa. Udongo wake ni haba na maji hayatuami. Katika hali hiyo hustawi thaimu, rozimari na lavenda, mimea yenye majani madogo, membamba na yenye harufu kali. Katika ngozi ya majani hayo mna tezi ndogo mno zinazohifadhi mafuta mepesi, yaani yale yageukayo mvuke kwa urahisi. Mafuta hayo hayakutengenezwa kwa ajili ya pua ya binadamu. Huusaidia mmea kuwafukuza wadudu na wanyama walao majani, na kupambana na kuvu na bakteria. Mmea unaokua polepole katika udongo maskini hupata taabu kuliotesha upya jani lililoliwa. Kwa hiyo hulilinda lile ulilo nalo.

Basi mkulima anayeimwagilia mimea hiyo maji kila siku na kuijazia samadi hupata vichaka virefu kwa haraka, lakini mara nyingi mafuta katika kila gramu ya jani hupungua. Kadhalika mizizi, iliyozoea hewa katikati ya mawe, huanza kuoza. Hii haina maana kwamba ukame wowote ni mwema. Ukizidi, mmea hudumaa, na jumla ya mafuta hupungua pia. Kinachotakiwa ni kiasi, na kiasi hakijulikani pasipo kupima.

Umuhimu wa mazingira ya mmea ulitambuliwa zamani. Mwaka 1593, kwa amri ya Mfalme Henri wa Nne wa Ufaransa, ilianzishwa bustani ya mimea ya dawa mjini Montpellier kwa ajili ya mafunzo ya udaktari. Mwanzilishi wake, Pierre Richer de Belleval, hakuiacha ardhi ikiwa tambarare tu. Alijenga kilima chenye matuta ya ngazi, ili mimea ipendayo jua ipandwe upande mmoja, na ipendayo kivuli upande wa pili. Bustani hiyo iliharibiwa mji ulipozingirwa na majeshi mwaka 1622, naye akaijenga upya. Ingalipo hadi leo, nayo yakumbusha kwamba anayeuhamisha mmea hana budi kuyahamisha na makao yake.

Hata jina la mmea halitoshi. Kaskazini mwa mji huo huo kuna bonde ambamo thaimu (Thymus vulgaris) huota kwa namna mbalimbali zisizotofautika kwa macho. Kwenye miteremko yenye joto zilienea zile zenye thimoli na karvakroli, kemikali ziuazo vijidudu kwa nguvu, lakini mimea yake hudhuriwa na baridi kali ya mapema. Chini bondeni, ambako hewa baridi hutuama, zilienea zile zenye kemikali nyingine, kama vile linaloli. Watafiti waliochunguza mahali hapo katika miaka ya 1970, na wengine waliorudia uchunguzi huo yapata miaka 35 baadaye, waligundua kwamba namna za thimoli na karvakroli zimeanza kuingia bondeni, kwa kuwa baridi kali imepungua. Mmea ni ule ule na jina ni lile lile, lakini dawa ni tofauti.

Afrika ya Mashariki ina ushahidi wake. Pareto, inayolimwa katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, asili yake ni miteremko ya mawe ya pwani ya Dalmatia, mashariki mwa Bahari ya Adriatiki. Ilikubali ugeni wake huku kwa sababu nyanda hizo zina baridi. Ikipandwa mahali pa joto hutoa majani mengi na maua machache. Nayo sumu iuayo wadudu imo hasa katika maua. Ndiyo maana bei ya pareto imekuwa ikipangwa kwa kadiri ya sumu iliyomo katika maua makavu, wala si kwa uzito peke yake.

Huenda ikasemwa kwamba shule za sekondari hazina maabara ya kupima mambo hayo. Hoja hiyo haina nguvu. Darasa laweza kupanda rozimari katika matuta mawili: moja la kokoto na maji machache, la pili la samadi na maji mengi. Majani ya kila tuta yakaushwe kivulini, yapimwe gramu 200, yachemshwe, na mvuke wake upozwe katika chombo cha kutonesha kilicho katika maabara nyingi za shule. Mafuta yataelea juu ya maji, nayo yatasomwa kwa mililita. Mafuta hayo yasinywe kamwe: matone machache hubeba nguvu ya majani mengi, na yapo ya mimea ya jamii hiyo yawezayo kuleta kifafa.

Mwanafunzi aliyeisoma mililita hiyo kwa macho yake atamwuliza kila auzaye dawa ya majani: ni mmea gani hasa, umeota wapi, na una kiasi gani cha dawa? Taifa linalokusudia kuzitumia dawa zake za asili lahitaji raia wengi wenye kuuliza hivyo.