Anwani ya usiku mmoja

Samahani wasomaji kwa ukimya wa wiki mbili. Kazi ya mkate ilinibana. Leo narudi na jambo ambalo limenikaa kichwani tangu Jumapili, nilipopigiwa simu na kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayeendesha lori huko Marekani.

Kaka analala ndani ya lori. Msimwonee huruma, malori yale yana kitanda kizima nyuma ya kiti cha dereva, jokofu dogo na mahali pa kupashia chakula. Mwanzoni alikuwa amepanga chumba. Akajikuta analipa kodi ya mwezi mzima kwa ajili ya kulala siku nne. Akapiga hesabu, akarudisha funguo. Hata mimi ningefanya hivyo. Akadhani mambo yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza, kwa sababu leseni yake ilikuwa inakaribia kuisha muda. Alipofika dirishani akaulizwa anaishi wapi. Akajibu kama tulivyolelewa, kwa ukweli: "Kwenye lori." Akaambiwa arudi siku akiwa na anwani.

Msomaji unaweza kucheka, nami nilicheka. Lakini tazama jinsi kamba inavyojifunga. Kwa sheria za shirikisho la Marekani, leseni ya kuendesha malori makubwa hutolewa na jimbo ambalo dereva ana makazi yake ya kisheria. Asiye na makazi hana jimbo, asiye na jimbo hana leseni, asiye na leseni hana lori, na kwa kaka asiye na lori hana pa kulala. Juu ya hayo yeye ni mgeni mwenye kadi ya kijani, na mgeni wa namna hiyo anatakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji kila anapohama, ndani ya siku 10. "Sasa dogo," akaniambia, "mimi nahama kila usiku. Nijaze fomu ngapi?"

Mwishowe akaandika anwani ya mshikaji wake mmoja. Barua zinakwenda huko. Yeye mwenyewe hajawahi kulala pale hata usiku mmoja.

Nikaanza kusoma, kama kawaida yangu nikikosa usingizi. Nikagundua kuwa kaka yumo katika kundi kubwa kuliko alivyodhani. Kuna Wamarekani wengi wanaoishi kwenye magari mwaka mzima. Wengine ni wastaafu waliouza nyumba wakanunua gari-nyumba lenye bafu na kitanda cha watu wawili. Wengine walipoteza nyumba na kazi katika mtikisiko wa uchumi wa 2008 na sasa wanafuata vibarua vya msimu, wakilala kwenye magari ya kubebea mizigo. Jessica Bruder aliandika kitabu juu ya kundi hili la pili, Nomadland, kilichotoka 2017, na filamu iliyotokana nacho ikabeba Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Wengi wenu mmeiona. Kinachonishangaza ni kwamba tulipoitazama tulizungumzia upweke, jangwa na machweo, na hatukujiuliza swali la kipuuzi kabisa: wale watu leseni zao zimeandikwa wanakaa wapi?

Jibu la wengi ni South Dakota. Kwa miaka mingi utaratibu maarufu umekuwa huu. Unajiandikisha kwenye kampuni inayopokea barua kwa niaba yako na kukutumia popote ulipo. Unafika South Dakota, unalala usiku mmoja hotelini au kwenye kambi ya magari, unachukua risiti. Unakwenda kwenye ofisi ya leseni na risiti yako, unasaini hati ya kiapo kwamba wewe ni msafiri wa kudumu na huna makazi katika jimbo jingine. Unatoka ukiwa mkazi. Usiku mmoja! Kule halali, kila mtu anajua, na jimbo lile halitozi kodi ya mapato kwa hiyo wateja hawakosekani. Texas na Florida nazo hazitozi, na nazo zina wakazi wao wa namna hii. Katika mji mdogo wa Livingston, Texas, ndiyo makao makuu ya Escapees, klabu ya watu wa magari-nyumba iliyoanzishwa mwaka 1978, na kupitia huduma yake ya barua maelfu ya watu "wanaishi" pale ilhali wametawanyika bara zima.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi. Siudhiki na hawa wazee wa magari-nyumba. Naudhika na serikali inayodai ukweli halafu inauza uongo kwa risiti. Karani anajua huishi pale. Wewe unajua. Kampuni ya barua inajua kuliko nyote. Wote mnakubaliana kuandika kitu kisichokuwapo, kwa sababu fomu ina kisanduku na kisanduku hakitaki kubaki kitupu. Kaka yangu aliyesema ukweli dirishani ndiye pekee aliyerudishwa.

Na uongo uliohalalishwa una tabia mbaya: siku mwenye mamlaka akichoka nao, anaugeuza silaha. Lilianza kwenye kura. Mwaka 2000, katika kaunti ya Polk ambamo Livingston imo, wapiga kura takriban 9,000 waliotumia anwani ya klabu ile walipingwa kuwa si wakazi halisi. Suala likafika mahakama ya shirikisho, kesi ya Curtis dhidi ya Smith, na mahakama ikazuia zoezi lile la kuwahoji, kwa sababu lilianzishwa bila idhini iliyotakiwa na sheria ya haki za kupiga kura ya mwaka 1965. Waliponea hapo. Mwaka 2023 ikawa zamu ya South Dakota, bunge la jimbo likapitisha sharti la kuishi siku 30 kabla ya kujiandikisha kupiga kura. Yaani kwa leseni na ada za magari usiku mmoja ulikuwa unatosha, ila kwa kura wewe ni mpita njia.

Nitawatendea haki wapinzani. Mkulima wa Polk ana hoja. Kwa nini mtu aliyeko Arizona amchagulie yeye sherifu? Ningekuwa mkulima yule ningekasirika pia. Lakini jawabu la hoja yake haliwezi kuwa kwamba mtu wa gari asipige kura popote, hata ya rais, wakati kodi ya shirikisho halipunguziwi hata senti.

Halafu kuna hawa wasio na fedha za kununua anwani. Huko Los Angeles kulikuwa na sheria ndogo iliyokataza kutumia gari kama makazi. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliifuta kwa kuwa haieleweki: kwa maneno yake ilivyokuwa, karibu kila dereva mwenye chakula na mabegi garini angeweza kukamatwa, ila waliokuwa wakikamatwa ni maskini. Seattle nako, mwanamume mmoja aliyekuwa akiishi kwenye pikapu yake alivutiwa gari na jiji kwa kuegesha muda mrefu, akadaiwa zaidi ya dola 500 ili alirudishiwe. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2021 mahakama kuu kabisa ya jimbo la Washington ikasema gari lile ni nyumba yake, na linalindwa na sheria inayolinda nyumba za watu dhidi ya wadai.

Someni tena hapo. Mahakama imesema gari ni nyumba. Lakini jaribu kuandika namba ya gari kwenye kisanduku cha anwani uone.

Na visanduku vimezidi kubana. Sheria ya Real ID ilipitishwa mwaka 2005, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ikidai uthibitisho wa makazi ya mtu kabla ya kupewa kitambulisho kinachokubalika kupandia ndege za ndani. Iliahirishwa mara nyingi hadi watu wakaifanya mzaha, ikaanza kutumika viwanjani 7 Mei 2025. Ajabu ni kwamba pasipoti ya Marekani pia inakubalika, na pasipoti ile haikuchapwa anwani yoyote ndani yake. Kwa hiyo serikali ile ile inaweza kukutambua vizuri tu bila kujua unalala wapi, ikitaka.

Rafiki yangu mmoja mwanasheria nilipomweleza haya akasema dawa ni rahisi, wapewe kitambulisho chao maalumu cha wahamaji. Nikamwambia Ufaransa walishafanya. Mwaka 1912 waliwapa wahamaji vitabu vyenye vipimo vya miili yao, mithili ya wahalifu. Mwaka 1969 wakaleta vitabu vipya vya usafiri, na mtu asiye na kipato cha kudumu alitakiwa kupeleka chake kugongwa muhuri kila baada ya miezi mitatu, la sivyo anahatarisha kwenda jela. Kupiga kura mpaka awe ameunganishwa na manispaa moja kwa miaka mitatu mfululizo. Baraza la Katiba lilifuta sehemu mbaya zaidi mwaka 2012, na mabaki yakafutwa 2017. Ukimpa mtu kitambulisho cha peke yake, polisi naye atamtazama kwa jicho la peke yake.

Mimi ningetenganisha mambo ambayo fomu imeyafunga pamoja. Wewe ni nani, hilo linajibiwa na cheti cha kuzaliwa na alama za vidole. Barua yako ipelekwe wapi, hapo sanduku la kulipia linatosha na hakuna haja ya kuliita nyumba. Unapiga kura wapi, taja mahali unapolala mara nyingi zaidi au ulipotoka mwisho. Na si ndoto: fomu ya taifa ya Marekani ya kujiandikisha kupiga kura ina nafasi ya kuchora ramani, kwa mtu asiye na mtaa wala namba ya nyumba. Unachora njia panda, unaweka alama ya msalaba unapolala. Nilipoiona nilihisi niko nyumbani kabisa. Sisi ambao tumekulia kwenye "shuka kituo cha pili, ulizia duka la Mpemba" tungeijaza fomu ile kwa dakika moja.

Sisemi kwetu ni peponi. Ukitaka kitambulisho cha taifa hapa bado unapita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa akugongee muhuri, na mpangaji aliyehamia juzi anajua kibaridi cha kusimama mbele ya mwenyekiti asiyemfahamu. Tofauti ni kwamba mwenyekiti anaweza kuuliza majirani. Kaka yangu majirani zake ni malori mengine kwenye maegesho, na alfajiri yote yameondoka.

Jana kanitumia ujumbe. Mshikaji wake mwenye ile anwani anahama mwezi ujao, amepata kazi jimbo jingine. Kaka anauliza kama nimesoma vizuri habari za South Dakota, na usiku mmoja hotelini kule ni shilingi ngapi. Nimemjibu ahifadhi risiti.